Siku ya 14 si ya kila mwanamke: namna ya kuzijua siku zako za kushika mimba

Wanawake wengi wanaotafuta mtoto huambiwa jambo moja: hesabu siku 14 tangu damu ianze, ukutane na mumeo siku hiyo. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 usioyumba, hesabu hiyo hukaribia ukweli. Kwa mwenye mzunguko wa siku 24, siku ya 14 yai limeshatoka na limeshakufa. Kwa mwenye siku 35, yai litatoka karibu wiki nzima baadaye. Wote wawili wanaweza kujaribu mwaka mzima, wakaanza kunywa dawa za kila namna, kumbe kilichokosewa ni siku.

Kosa liko kwenye upande wa kuhesabia. Muda kati ya yai kutoka na hedhi inayofuata haubadiliki sana kwa mwanamke yuleyule: kwa wengi ni kama siku 12 hadi 14. Kinachorefuka na kufupika ni kipande cha mbele, kuanzia hedhi hadi yai kutoka. Safari, msiba, malaria, kukosa usingizi, kupungua sana mwili, vyote vinaweza kuchelewesha yai. Kwa hiyo tarehe ya yai huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka hedhi ijayo, na kwa kuwa hedhi ijayo bado haijafika, mwili wenyewe ndio unaopaswa kusomwa. Mwongozo huu unahusu kuusoma.

Kwanza elewa muda ulio nao. Yai likishatoka kwenye ovari huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za kiume, zikikuta ute mzuri, zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5. Ndiyo maana siku za kushika mimba ni 6: siku 5 kabla ya yai kutoka na siku yenyewe. Utafiti wa Wilcox na wenzake wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1995 na kufuatilia wanawake 221, ulikuta mimba zikitungwa ndani ya siku hizo 6 tu. Nafasi ilikuwa kama 10 kwa 100 siku ya kwanza ya dirisha hilo, ikapanda hadi karibu 33 kwa 100 siku ya yai kutoka. Baada ya hapo, hakuna. Mtaani siku hizo 6 huitwa siku za hatari, jina lililotoka kwa wanaokwepa mimba. Wewe unayeitafuta, ndizo unazozingoja.

Hatua ya kwanza: daftari

Nunua daftari dogo, au tumia kalenda ya ukutani. Siku ya 1 ni siku damu yenyewe inapotoka, nyekundu, ya kuhitaji pedi. Matone ya kahawia ya siku moja au mbili kabla yake hayahesabiwi. Siku ya mwisho ya mzunguko ni ile inayotangulia damu nyingine kuanza. Hapo ndipo wengi hukosea: huhesabu kuanzia damu ilipokatika, au husema "naona tarehe 10 kila mwezi" bila kukumbuka kwamba miezi ina siku 30 na 31, na Februari 28.

Ukiwa na mizunguko 6 iliyoandikwa, chukua mfupi kuliko yote utoe 18, na mrefu kuliko yote utoe 11. Tuseme mizunguko yako ilikuwa siku 27, 29, 28, 31, 28 na 30. Mfupi ni 27, ukitoa 18 inabaki 9. Mrefu ni 31, ukitoa 11 inabaki 20. Siku zako za uwezekano ni kuanzia ya 9 hadi ya 20. Ni siku 12, nyingi kupita kiasi kwa wengine, lakini angalau unajua pa kuanzia kuangalia. Shanga za mzunguko, zile za shanga 32 ambazo baadhi ya kliniki za uzazi wa mpango hugawa, zinafanya kazi kwa hesabu ya jinsi hiyo: shanga nyeupe ni siku ya 8 hadi ya 19, na zinamfaa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32 tu.

Programu za simu nyingi hufanya hesabu hiyohiyo. Zinachukua wastani wa miezi iliyopita na kubashiri. Ikikuonyesha kiduara cha "siku ya yai" wakati hujaingiza dalili yoyote ya mwili, kiduara hicho ni makisio. Usipange safari ya mumeo kwa kukitegemea.

Hatua ya pili: ute

Ukipaswa kuchagua njia moja tu, chagua hii. Haina gharama, na ni dalili inayokuja kabla yai halijatoka, wakati bado kuna la kufanya. Madaktari John na Evelyn Billings wa Melbourne, Australia, ndio walioijengea utaratibu unaofundishwa hadi leo, kazi iliyoanza mwaka 1953.

Kinachotokea ni hiki. Yai linapokua, ovari hutoa homoni ya estrojeni, na mlango wa kizazi huitikia kwa kutoa ute. Mwanzoni ni mchache na mzito, unaonata. Kadiri yai linavyokaribia kutoka, ute unakuwa mwingi, wa majimaji, unaong'aa na kuvutika. Huo ndio njia ya mbegu za kiume: huzilisha, huzilinda na asidi ya uke, na kuziachia zipite. Yai likishatoka, homoni ya projesteroni hupanda na ute hugeuka mzito au hukauka kabisa, mlango unajifunga.

Anza kuangalia siku damu inapokatika. Kila unapokwenda msalani, kabla ya kukojoa na kabla ya kutumia maji, pitisha karatasi laini kavu au kidole safi kwenye mlango wa uke, kutoka mbele kwenda nyuma. Neno "kabla ya maji" tunalisisitiza, kwa sababu wengi wetu hutumia maji msalani, na maji huondoa ute na kuacha unyevu unaodanganya. Hakuna haja ya kuingiza kidole ndani. Ndani huwa na unyevu siku zote.

Jiulize mambo mawili. La kwanza ni unavyohisi: pakavu, pana unyevu, au panateleza? Kuteleza ni dalili kubwa kuliko unachokiona, na wengine huihisi hata wakitembea. La pili ni unachokiona. Uchukue ute kati ya kidole gumba na cha shahada, uvibane, kisha uviachanishe polepole. Ute wa mapema hukatika mara moja, au huacha vinundu vyeupe kama gundi ya karatasi iliyoanza kukauka. Ute wa rutuba huvutika uzi mmoja mwembamba, angavu, sentimita 5, hata 8, bila kukatika, sawasawa na ute mbichi wa yai la kuku unapovunja bakulini. Ukiona uzi huo, usingoje kipimo chochote kikuthibitishie. Ni leo.

Usiku andika dalili iliyo bora kuliko zote ulizoziona siku hiyo. Kama asubuhi palikuwa pakavu na jioni pakateleza, andika panateleza.

Siku ya mwisho ya kuteleza au kuvutika ndiyo kilele. Ubaya wake ni kwamba utaijua kesho yake tu, ute ukishapotea. Yai hutoka karibu na kilele: siku yenyewe, au siku moja mbili kabla au baada. Ndiyo sababu hatumshauri mtu kusubiri kilele. Kutana na mumeo mara ute unapoanza kulainika.

Yapo yanayochanganya. Manii hutoka polepole hadi kesho yake na hufanana na ute, lakini hayavutiki uzi mrefu na yakikauka hayarudii kuteleza. Ukikutana usiku, iamini zaidi dalili ya mchana au jioni inayofuata. Maji ya ashiki hukauka haraka. Baadhi ya dawa za mafua na mzio hukausha ute pamoja na pua. Na uchafu wa ugonjwa si ute: mweupe wa kuganda kama maziwa mgando wenye kuwasha ni fangasi, wa kijivu wenye shombo ya samaki ni bakteria kuzidi, wa njano au kijani wenye harufu ni maambukizi yanayotaka dawa. Hapo hospitali kwanza, kusoma ute baadaye.

Kuna jambo linaloharibu ute kuliko yote, nalo limezoeleka: kujisafisha ndani. Sabuni, maji ya ndimu, dawa za kubana, kujikausha kwa kitambaa kabla ya kukutana. Uke hujisafisha wenyewe. Ukiufua ndani unaondoa ute ambao mbegu zinauhitaji, unaua bakteria walinzi, na unafungua mlango wa maambukizi yanayoweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi, njia ya yai kutoka kwenye ovari. Nje osha kwa maji. Ndani acha.

Hatua ya tatu: vipimo vya mkojo

Famasi kubwa za mijini huuza vijiti vya kupima homoni ya LH. Ubongo huimwaga homoni hii kwa wingi ili kulisukuma yai litoke, na kwa kawaida yai hutoka saa 24 hadi 36 tangu ianze kupanda. Kijiti, basi, kinakupa kama siku moja na nusu ya taarifa.

Lini uanze: chukua urefu wa mzunguko wako, toa 17. Wa siku 28 anza siku ya 11. Wa siku 31 anza siku ya 14. Kama mizunguko inayumba, tumia mfupi zaidi.

Saa: kati ya saa 4 asubuhi na saa 2 usiku, saa ileile kila siku. Mkojo wa kwanza wa alfajiri unaofaa kwa kipimo cha mimba haufai sana hapa, kwa kuwa homoni huanza kupanda alfajiri na huchukua saa kadhaa kuonekana kwenye mkojo. Kwa muda wa saa mbili kabla ya kupima usinywe maji mengi wala usikojoe, ili mkojo usiwe mwepesi.

Kojoa kwenye kikombe safi kikavu. Chovya kijiti wima hadi mstari wenye neno MAX na usiuvuke, kwa sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti, kisha kilaze mahali pakavu. Soma kwa dakika zilizoelekezwa, kwa vijiti vingi ni 5. Kikikaa zaidi ya dakika 10 hakisomeki tena.

Sasa hapa panapokosewa sana. Kwenye kipimo cha mimba, mstari wa pili hata ukiwa hafifu una maana. Kwenye kipimo cha yai, mstari hafifu hauna maana, kwa kuwa LH kidogo huwamo mwilini kila siku. Jibu la ndiyo ni pale mstari wa kipimo unapokuwa mzito sawa na ule wa udhibiti, yaani ule unaotokea kila mara kuonyesha kijiti ni kizima, au kuuzidi. Mstari ukianza kukolea, pima mara mbili kwa siku, mchana na jioni, maana kwa wengine mpando wote hupita ndani ya saa chache na ukipima mara moja unaweza kuupishana.

Kijiti hakithibitishi kwamba yai limetoka. Kinasema mwili umeamuru litoke. Mwenye ovari za vifuko vingi, hali ambayo hospitalini huitwa PCOS, anaweza kupata jibu la ndiyo mara nne kwa mwezi bila yai kutoka hata moja, kwa kuwa LH yake iko juu muda wote. Kwa huyo vijiti ni hasara. Na anayetumia klomifeni, dawa ya kuchochea mayai, kwa maagizo ya daktari asipime hadi siku 3 zipite tangu kidonge cha mwisho, la sivyo atadanganywa na dawa.

Hatua ya nne: joto la asubuhi

Joto ni shahidi. Linakuja baada ya tukio kusema kwamba kweli limetokea. Projesteroni ya baada ya yai hupandisha joto la mwili kwa nyuzi 0.2 hadi 0.5, nalo hukaa juu hadi hedhi. Halikusaidii kupata mimba mwezi huu, lakini kwa miezi mitatu litakuonyesha kama yai linatoka, linatoka siku ya ngapi, na siku zilizobaki baada yake zinatosha au la.

Tafuta kipimajoto kinachoonyesha desimali mbili, kama 36.45. Cha desimali moja kinaficha mabadiliko. Kiweke karibu na mto. Ukiamka, kabla ya kukaa, kuzungumza, kunywa maji au kwenda msalani, kiweke chini ya ulimi, funga mdomo, subiri kilie. Uwe umelala angalau saa 3 mfululizo, na saa ya kupima isiyumbe sana. Wa zamu za usiku apime baada ya usingizi wake mrefu, hata kama ni mchana. Mwezi wa Ramadhani pima unapoamshwa kwa ajili ya daku, kabla ya kuinuka, na si baadaye unaporudi kulala. Homa, pombe ya jana yake na usiku wa kukesha na mgonjwa, vyote hupandisha joto. Andika pembeni na usiihesabu siku hiyo.

Kanuni ya kusoma: tafuta asubuhi 3 mfululizo ambazo zote zimezidi asubuhi 6 zilizotangulia, na ya tatu iwe imezidi ile ya juu kabisa kati ya zile 6 kwa nyuzi 0.2 au zaidi.

Ukurasa wa daftari, kwa mzunguko wa siku 31, unaweza kuonekana hivi:

Siku 1–5: damu.
Siku 6–10: pakavu.
Siku 11: ute kidogo, mweupe, unakatika.
Siku 12: vilevile. 36.40
Siku 13: mzito kidogo, wa krimu. 36.35
Siku 14: unyevu, ute mwepesi. 36.45. Kijiti: hafifu.
Siku 15: panateleza, sentimita 3. 36.38. Kijiti: kinakolea.
Siku 16: uzi sentimita 8, angavu. 36.44. Kijiti: mistari sawa.
Siku 17: bado panateleza. 36.42
Siku 18: pakavu. 36.62
Siku 19: pakavu. 36.68
Siku 20: pakavu. 36.70
Siku 31: ya mwisho. Kesho yake damu.

Kilele ni siku ya 17, na yai limetoka hapohapo. Siku za kushika mimba zilikuwa ya 12 hadi ya 17, na zile zenye nafasi kubwa ni 15, 16 na 17. Aliyeambiwa "siku ya 14" akakutana mara moja, akapumzika, amegusa ukingo tu. Aliyeambiwa "wiki ya tatu" akaanza siku ya 18 amechelewa kabisa.

Kukutana

Kutaneni siku moja, mruke moja, kuanzia ute unapoanza, na kila siku kwenye siku za kuteleza mkiweza, hadi siku moja baada ya ute kukauka. Kuna wanaume huambiwa wajizuie wiki mbili ili mbegu "zikusanyike". Hazinufaiki: zikikaa zaidi ya siku 5 zinazeeka na kupungua mwendo. Namna ya kulala haina tofauti, wala kuinua miguu ukutani. Maji yanayomwagika ukisimama yasikutie hofu, mbegu zenye nguvu zimeshaingia kwenye ute ndani ya dakika chache. Wala siku ya kukutana haichagui mtoto wa kike au wa kiume.

Mate, na vilainishi vingi vya dukani, vimeonekana maabara kupunguza mwendo wa mbegu. Ute ukiwepo havihitajiki.

Kwa mwenye mume wa mbali, dereva wa malori ya Tunduma, mvuvi aliyekwenda dago, mchimba madini, askari, hesabu ya siku ndiyo kila kitu. Andika mizunguko ya miezi mitatu, tafuta siku ambayo ute hulainika mapema kuliko zote, na mwambie aombe ruhusa kuanzia siku moja au mbili kabla ya hapo. Akifika mapema mbegu zake zitalisubiri yai. Akichelewa yai halimsubiri. Kama ruhusa ni ya siku 4 tu, afadhali ziishie kwenye kilele kuliko zianzie hapo.

Mwambie mumeo siku zilipo, lakini kwa upole. Mwanaume anayeitwa chumbani kama anayekwenda kusaini mahudhurio anaweza kushindwa, na mwezi ukapotea kwa wasiwasi tu.

Kabla ya mimba yenyewe

Anza vidonge vya foliki asidi sasa, mikrogramu 400 kwa siku, angalau mwezi mmoja kabla, na uendelee hadi wiki ya 12 ya mimba. Uti wa mgongo na kichwa cha mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua kama ni wajawazito. Ukianza siku ya kwanza ya kliniki umechelewa kwa kazi hiyo. Mwenye kisukari, selimundu, anayetumia dawa za kifafa, au aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, amuone daktari kwa kipimo kikubwa zaidi.

Kama ulikuwa kwenye sindano ya miezi mitatu, usishtuke yai likichelewa kurudi. Baada ya sindano ya mwisho wengi huchukua miezi 9 au 10 kabla ya kushika mimba, na wengine zaidi. Haijakuharibu kizazi, dawa inaisha taratibu. Kijiti cha mkononi, kitanzi na vidonge havina ucheleweshaji huo. Unayenyonyesha usiku na mchana, yai linaweza kuwa bado limelala.

Kama mmoja wenu anaishi na VVU, nendeni kliniki ya tiba na matunzo kabla ya kuanza kutafuta. Anayetumia dawa vizuri na virusi vyake vimefifia hadi havionekani hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, na kama havijafifia zipo dawa za kinga kwa mwenza.

Mume naye apimwe

Mke ndiye huanza kuulizwa, na mama mkwe, mawifi, majirani, wakati karibu nusu ya shida za kukosa mtoto zina upande wa mwanaume, peke yake au pamoja na mke. Nguvu za kiume na mbegu ni vitu viwili. Mwanaume anaweza kuwa imara kitandani na manii yasiwe na mbegu hata moja. Kipimo cha manii ni rahisi kuliko vipimo vyote vya mwanamke, na hakina maumivu. Kifanywe mwanzoni, kabla mke hajapigwa picha za mirija.

Ajizuie siku 2 hadi 7. Manii yote yaingie kwenye chombo cha maabara, maana tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi. Kondomu za kawaida zisitumike kuyakusanyia, zina dawa. Kama anatokea nyumbani, chombo akiweke karibu na mwili, kisipate baridi, na kifike maabara ndani ya saa 1. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021, mipaka ya chini ni mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 42 zinazotembea. Jibu baya lirudiwe kabla ya mtu kukata tamaa. Mbegu hutengenezwa kwa zaidi ya miezi miwili, hivyo homa kali ya mwezi jana huonekana kwenye kipimo cha leo, na faida ya kuacha sigara utaiona baada ya miezi 3. Sindano za testosteroni na dawa za kujenga misuli huzima kabisa utengenezaji wa mbegu kwa wengi.

Lini kumuona daktari

Chini ya miaka 35, baada ya miezi 12 ya kukutana bila kinga. Miaka 35 na zaidi, baada ya miezi 6. Usingoje hata mwezi mmoja kama hedhi haiji, kama mizunguko iko chini ya siku 21 au juu ya 35, kama umewahi kuwa na mimba nje ya kizazi, maambukizi ya nyonga, au upasuaji wa tumbo, au kama hedhi inakulaza kitandani kwa maumivu.

Nenda na daftari lako. Litamwonyesha daktari siku ya kupima projesteroni, ambayo ni siku 7 kabla ya hedhi ijayo. "Siku ya 21" iliyoandikwa kwenye fomu ni ya mzunguko wa siku 28. Mwenye siku 35 apimwe siku ya 28. Zaidi ya nanogramu 3 kwa mililita ni ushahidi kwamba yai limetoka. Utrasaundi nayo inaweza kufuatilia kifuko cha yai hadi kifike milimita 18 na zaidi. Picha ya mirija hufanywa damu ikishakata na kabla yai halijatoka.

Kusini mwa Sahara, mirija iliyoziba kwa maambukizi ya zamani kama kisonono na klamidia ni chanzo kikubwa cha kukosa mtoto, na mirija ya namna hiyo haionekani kwenye daftari: ute mzuri, joto zuri, mimba hakuna. Hakuna kinywaji cha "kusafisha kizazi" kinachozibua kovu ndani ya mrija, na fedha inayokwenda huko ndiyo ingelipia picha. Vivyo hivyo usinunue klomifeni kwa ushauri wa rafiki. Kama yai lako linatoka na mrija umeziba, itakuzalishia mayai zaidi yasiyo na njia.

Baada ya kilele

Zikipita siku 14 au 15 tangu kilele bila damu, pima mimba kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kupima siku ya 8 au ya 9 ni kujitafutia machozi, kwa kuwa mimba huenda hata haijajishika ukutani. Joto likikaa juu siku 18 mfululizo, karibu kila mara ni mimba. Matiti kuuma na tumbo kujaa haviamui chochote, projesteroni huleta vyote viwili mwezi wowote.

Kipimo kikisema ndiyo, endelea na foliki asidi, anza kliniki mapema, na tarehe ya kilele uipeleke nayo, inakadiria umri wa mimba vizuri kuliko hedhi kwa mwenye mizunguko mirefu. Ukipata maumivu makali ya upande mmoja chini ya tumbo, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au maumivu ya ncha ya bega, iwe na damu au bila damu, inaweza kuwa mimba iliyotungwa kwenye mrija. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.